Sura ya Tisa: Swichi Chini ya Usukani

Rejeta kuukuu ilikuwa nyuma ya gereji, imeegemezwa kwenye ukuta wa matofali kati ya tairi zilizokwisha na mlango wa Fuso usio na kioo. Inspekta Atupele alichuchumaa mbele yake bila kuigusa. Alivaa glovu kwanza. Kisha akamwambia Koplo Zahoro apige picha tatu: moja ya mbali, moja ya karibu, na moja ya namba iliyochongwa ubavuni.

"Hii ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, afande," alisema Fundi Ambokile. "Niliitoa Ijumaa jioni kwenye ile Probox ya Gregori. Mpya nikaifunga Jumamosi asubuhi. Mkaja mkalichukua gari kabla sijanywa hata chai."

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, Kongowe ya Kibaha. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Mwinyijuma, mkulima wa korosho wa Masaki, wilayani Kisarawe, agongwe alfajiri akiwa juu ya baiskeli yake. Aliyemgonga hakusimama. Dereva wa bodaboda alimkuta jua likichomoza, ameshakata roho. Njiani dereva huyo alikuwa amepishana na Probox nyeupe yenye maandishi ya duka moja la vifaa vya ujenzi la Maili Moja. Mwenye duka, Gregori, aliandika maelezo na kutia saini: ufunguo ulikuwa kwa dereva wake, Yahya, tangu Alhamisi asubuhi mpaka Ijumaa mchana, na hakuna mtu mwingine aliyeligusa gari.

Yahya alikamatwa Jumamosi, hapo hapo Masaki, matangani. Mkewe Naila alikuwa mpwa wa marehemu. Zahoro alimkuta amebeba ndoo mbili za maji ya kupikia, akamfunga pingu mbele ya watu. Kesho saa tatu angesomewa shitaka la kusababisha kifo.

"Afande, mimi bado sielewi tunachokitafuta," Zahoro alisema, akirudisha simu mfukoni. "Gari tunalo. Taa iliyovunjika tumeilinganisha na vipande vya barabarani, imekaa sawasawa. Dereva tunaye, na mkono wake wa kushoto umeungua kwa maji ya moto. Gari lilichemsha, akafungua rejeta, likamchoma. Kwisha."

"Jalada lina karatasi kumi na moja, koplo. Hakuna hata moja inayolieleza gari lenyewe. Wakili wa utetezi akiniuliza kwa nini lilichemsha, nitamjibu nini?"

"Si lilimgonga mtu? Rejeta ikatoboka."

Atupele aliigeuza rejeta taratibu. Uso wake wa mbele, ule wenye mapezi membamba ya bati, ulikuwa na vumbi na wadudu waliokauka. Alipitisha kidole kutoka kona moja hadi nyingine. Mapezi yalikuwa yamelala hapa na pale kama nywele zilizochanwa vibaya, lakini hapakuwa na tundu wala alama ya chuma kuingia.

"Tundu liko wapi, fundi?"

"Mbele hakuna, afande. Imepasuka huku juu." Ambokile alionyesha sehemu ya plastiki nyeusi iliyofunika kichwa cha rejeta. Ufa ulikuwa mrefu kama kiganja, na kingo zake zimebinuka kwa nje. "Baiskeli ilipiga kona, kwenye taa na bampa. Rejeta haikuguswa."

"Kwa hiyo hii haikupasuliwa na ajali."

"Hii imepasuliwa na joto. Ona ilivyofunguka, kwa nje. Maji yalichemka humo ndani yakakosa pa kwenda."

Zahoro aliinama kuangalia. "Labda maji yalikuwa yameisha. Yahya mwenyewe kasema ilikuwa inavuja."

"Yakiisha haipasuki, koplo," fundi alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa wateja mia. "Ikiwa tupu, injini inaungua kimya kimya. Silindahedi inapinda, wewe unakuja kwangu kulia. Ili plastiki hii ipasuke hivi, rejeta lazima iwe imejaa."

Atupele aliingiza kidole kwenye ufa. Kikatoka na tope la manjano. Alilisogeza puani, akamnyooshea Zahoro naye anuse.

"Pilau," alisema Zahoro, akashangaa mwenyewe.

"Bizari," alisema Ambokile. "Madereva wetu ndivyo walivyo. Rejeta ikivuja kidogo, anakwenda dukani ananunua bizari ya unga, anamimina humo. Inaziba. Si dawa, lakini inaziba wiki mbili tatu. Yahya aliiweka Jumatano, hapa hapa mbele yangu. Nilimwambia subiri ipoe, hakunisikia. Ndipo alipoungua ule mkono."

Zahoro alinyanyua kichwa. "Jumatano?"

"Jumatano mchana. Nilimpaka dawa ya meno mimi mwenyewe."

"Na mbona hukusema?"

"Mlikuja mkaniuliza nani mwenye gari. Nikasema Gregori. Mkaondoka."

Atupele alisimama. Alichana lebo, akaifunga kwenye rejeta, akaandika tarehe na saa. Aliuliza swali lililofuata akiwa bado anaandika, bila kumtazama fundi.

"Rejeta ilikuwa imejaa. Tundu lilikuwa limezibwa. Sasa maji yalichemkaje?"

Ambokile alichukua kitambaa akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Magari yanachemsha, afande. Kilima, jua..."

"Ilikuwa alfajiri."

"Yanachemsha tu."

"Fundi."

"Naam, dada yangu. Maana mimi na wewe wote ni watu wa Tukuyu, hatuwezi..."

"Tukuyu tutakwenda Krismasi. Hapa niite afande. Feni ya gari lile inafanyaje kazi?"

Spana ilisimama. Upande wa mbele wa gereji mtu alikuwa anagonga bati.

"Sensa yake ilikufa mwaka jana," Ambokile alisema hatimaye. "Sensa ndiyo inayoiamrisha feni: joto likipanda, zunguka, likishuka, pumzika. Ilipokufa, Gregori alitaka gari lirudi kazini siku ile ile. Nikaifunga feni dairekti, kama tunavyofanya wote. Nikavuta waya mpaka ndani. Mwanzoni ilizunguka muda wote, betri ikawa inakufa. Nikaweka swichi."

"Wapi?"

"Chini ya usukani, upande wa kulia, ndani kabisa. Huioni mpaka uinamishe kichwa. Ukiwasha gari, unaipapasa kwa kidole, unaibonyeza. Ukizima gari, unaizima nayo. Usipoibonyeza, kwenye lami huna neno, upepo wa mwendo unatosha. Ukiingia njia ya mchanga, ya mwendo wa kobe, hapo ndipo utakapoona taa nyekundu."

"Nani alijua kuhusu swichi hiyo?"

"Mimi. Na Yahya."

"Gregori?"

"Gregori anaendesha IST yake. Lile gari hakuwa analipanda. Nilimwambia tu, feni imepona."

"Ijumaa gari lilipoletwa, swichi ilikuwaje?"

Fundi aliketi juu ya tairi. Alionekana mfupi zaidi kuliko dakika tano zilizopita.

"Ufunguo ulikuwa umewashwa, afande, maana lilivutwa kwa kamba na usukani usingegeuka. Swichi ilikuwa imezimwa. Nikajua palepale kwamba Yahya hakuwa ndani ya gari hili. Yule kijana anaibonyeza hata akilisogeza hatua mbili. Nikamuuliza tajiri, nani aliendesha? Akasema Yahya. Nikanyamaza."

"Kijana yuko rumande siku ya tatu na wewe umenyamaza."

"Niliogopa. Nilifikiri mtasema waya wangu ndio uliomuua yule mzee. Gari halijafungwa kama lilivyotoka kiwandani, mtu amekufa, na aliyelichezea ni mimi. Nina watoto, afande."

"Naila naye ana mtoto tumboni," alisema Atupele. "Koplo, mchukue maelezo. Neno kwa neno, mpaka na hilo la kuogopa."

*

Zahoro ndiye aliyeendesha gari la polisi. Walipoiacha lami na kuingia barabara ya Masaki ndipo alipozungumza.

"Afande, nina neno. Swichi kuwa imezimwa Ijumaa mchana haimtoi Yahya. Anaweza kuwa aliizima mwenyewe baada ya gari kufa. Ni desturi yake, fundi kasema: ukizima gari, unaizima nayo."

"Ni kweli."

"Kwa hiyo tumerudi tulipokuwa."

"Tumerudi karibu. Punguza mwendo. Alama ya ajali ni pale kwenye mkorosho uliochunwa gamba, siyo?"

Waliposhuka palikuwa na vipande vidogo vya kioo bado, na alama za chokaa ambazo askari walichora Ijumaa. Atupele hakukaa hapo. Alianza kutembea kuelekea upande wa Kisarawe, macho chini, akihesabu hatua.

"Tunatafuta nini?"

"Gari lilifika hapa likiwa tayari limeshachemka. Limepita mchanga kilomita nyingi bila feni. Mwenye gari lenye taa nyekundu anatafuta nini?"

"Maji."

"Na maji ya karibu yako wapi?"

Zahoro, ambaye alizaliwa kijiji cha pili, hakuhitaji kufikiri. "Kwa Bibi Hajira. Ana kisima uani. Nyumba ya kwanza ukitoka hapa."

Ilikuwa hatua mia tisa na arobaini. Nyumba ilikuwa ya udongo, bati jipya, mbele yake mihogo iliyomenywa imeanikwa kwenye mkeka. Ukingoni mwa barabara, penye ardhi ngumu, palikuwa na doa la manjano, pana kama ungo. Jua lilikuwa limelikausha likawa gamba. Atupele alilikwangua kwa kisu kidogo, akalitia kwenye bahasha. Kabla hajaifunga alinusa. Alimpa Zahoro, naye akanusa. Safari hii hakutaja pilau.

Bibi Hajira alikuwa kizingitini, anasuka ukili. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, lakini vidole havikukosea hata mara moja.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyu wa pili anayeburuza mguu ni mtoto wa Mwanahalima."

"Ndiye mimi, bibi. Zahoro. Shikamoo."

"Marahaba. Mguu huo uliuvunja kwa kuiba madafu yangu. Askari mzima leo." Alicheka kidogo, kisha akakaza ukili. "Mmekuja kwa ajili ya marehemu."

"Tumekuja kwa ajili ya gari," alisema Atupele, akiketi kwenye mkeka. "Ijumaa alfajiri, kuna mtu aliyekuja kukuomba maji?"

"Yupo. Miye nilikuwa natia udhu. Nikasikia gari linakuja linalia kama birika, likasimama hapo. Mwanamume akashuka, akaniambia, mama, nisaidie maji, gari limechemka. Nikamwambia kisima hicho, ndoo hiyo."

"Ulimwona?"

"Macho yangu yamekwenda, mwanangu. Nilimsikia."

"Ulisikia nini? Tangu aliposhuka. Usiache kitu."

Bibi Hajira aliweka ukili mapajani. "Alikuja na ndoo mpaka kwenye gari. Kisha ikawa kimya. Kisha nikamsikia anapiga piga bati kwa kiganja, huku na huku. Anafungua mlango, anafunga, anafungua. Anasema peke yake, inafunguliwa wapi hii, inafunguliwa wapi hii. Alikaa hivyo mpaka nikamaliza kusali."

"Boneti," Zahoro alisema kwa sauti ya chini.

"Sijui yaitwaje. Kile kifuniko cha mbele. Alipokipata, haikupita muda nikasikia mlio wa mvuke na yeye kapiga ukelele. Maji ya moto yalimrukia. Nikamwambia njoo, nikamkatia mshubiri, nikampaka mkononi, huku, mkono wa kulia, toka kiwiko mpaka vidole. Nikamfunga kwa kipande cha kanga."

"Mkono wa kulia? Una uhakika?"

"Niliupaka kwa vidole hivi. Mkono wa mtu mzima, mnene, saa ya chuma. Si mkono wa kazi ngumu. Saa yenyewe nilimvua miye."

Zahoro aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakwenda polepole kuliko kawaida.

"Alizungumza nini ulipokuwa unampaka?" Atupele aliuliza.

"Alisema asante. Alisema ana haraka."

"Tu?"

"Tu. Akatia maji, akawasha, akaondoka."

"Alielekea upande gani? Alirudi alikotoka, au aliendelea?"

"Aliendelea. Upande wa Kisarawe. Nilisikia mpaka gari likapotea." Bibi Hajira aligeuza uso kuelekea barabarani. "Huyo ndiye?"

"Bado nauliza, bibi."

"Mwinyijuma walimkuta pale kwenye mkorosho. Pale na hapa ni kuitana tu."

"Ndiyo, bibi."

"Daktari amesema alikufa saa ngapi?"

Zahoro alimtazama inspekta. Ripoti ilikuwa ndani ya mkoba wake: damu ilivuja taratibu, pengine kwa muda wa saa nzima.

"Hakufa papo hapo," alisema Atupele.

Bibi Hajira aliuchukua ukili wake, akausuka mizunguko miwili, akauweka tena chini.

"Miye nilikuwa nampaka mshubiri," alisema.

Alitia dole gumba chini ya maelezo yake. Zahoro ndiye aliyemshika mkono kuuelekeza kwenye karatasi, na alipomaliza alikifuta kidole cha bibi yule kwa leso yake mwenyewe.

*

Saa tisa alasiri Probox nyeupe ilikuwa katikati ya uwanja wa kituo cha polisi Kisarawe, boneti imefungwa, injini inanguruma. Naila, mkewe Yahya, alikuwa kwenye benchi la nje na hotipoti ya chakula magotini. Hakuuliza wanafanya nini. Aliangalia tu.

Jaribio la kwanza walilifanya swichi ikiwa imezimwa. Gari lilisimama palepale, kama lililokwama kwenye mchanga. Zahoro alisoma saa kwa sauti kila dakika tano, Atupele akaandika. Dakika ya kumi na nane taa nyekundu ya joto iliwaka. Walizima, wakasubiri injini ipoe kabisa. Wakajaza tena maji kidogo yaliyopungua. Jaribio la pili Zahoro aliinamisha kichwa, akapapasa chini ya usukani, akabonyeza. Mbele feni ikaanza kuvuma. Dakika ya kumi na nane ikapita. Ya thelathini ikapita. Taa haikuwaka.

"Na hii ni rejeta mpya," alisema Zahoro. "Ile kuukuu isingefika dakika kumi na nane."

"Andika hivyo hivyo, kisha utie saini."

Gregori aliingia saa kumi na moja kasoro robo, kwa hiari yake, kama alivyoombwa kwa simu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, miwani mfukoni. Alisalimia kila askari kwa cheo chake. Alipompita Naila kwenye benchi, aligeuza uso kuangalia ubao wa matangazo.

"Inspekta, nimekuja," alisema akiketi. "Nilidhani nyaraka zangu zimekamilika."

"Zimekamilika, Mzee Gregori. Nataka tuzipitie tu kabla ya kesho. Unasema Probox hujawahi kuiendesha."

"Sijawahi. Mimi nina gari langu."

"Na ufunguo ulikuwa kwa Yahya tangu Alhamisi asubuhi."

"Ndiyo."

"Yahya anasema Alhamisi jioni alilirudisha kwako Kongowe, akautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, kama kila siku. Anasema mligombana. Ulitaka akakuchukulie magunia ya mkaa Masaki alfajiri, kabla watu wa maliasili hawajaamka. Mkaa usio na kibali. Akakataa."

"Kijana ana kesi ya kifo. Atasema chochote."

"Ni kweli, angeweza." Atupele alifunua ukurasa. "Rejeta ilipasuka kwa nini?"

"Hayo ni ya mafundi. Aligonga, ikatoboka."

"Haikutoboka. Gari lilichemsha kwa sababu feni haikuzunguka."

"Feni si inazunguka yenyewe?"

"Kwenye IST inazunguka yenyewe."

Zahoro, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, aliacha kuandika.

"Bibi mmoja wa Masaki anakusalimu," Atupele aliendelea kwa sauti ile ile. "Aliniomba nikuulize. Mkono unaendeleaje?"

"Unapon..." alisema Gregori.

Neno halikumalizika. Lilibaki pale mezani, katikati yao, na hakuna aliyeligusa. Nje pikipiki ilipita. Gregori aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha alifungua kifungo, akaukunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechunika, inang'aa kwa dawa. Bendeji ilikuwa mpya, ya duka la dawa. Saa ilikuwa imehamia mkono wa kushoto.

"Nilitaka kurudi," alisema.

Atupele alisogeza karatasi safi. "Endelea."

"Nilifuata mkaa mwenyewe. Alitokea ghafla, hana taa. Nilimgonga, nikasikia kishindo. Taa nyekundu ilikuwa imeshawaka kabla ya hapo. Nikafikiri, nikimpakia halafu gari likafa njiani, atafia humo. Ndiyo maana nilitafuta maji kwanza. Nilitia maji ili nirudi nikamchukue, nimpeleke hospitali. Mungu ni shahidi. Nikageuza gari, likachemsha tena..."

"Uligeuza wapi?"

"Pale pale kwa yule mama."

"Bibi Hajira haoni, Mzee Gregori, lakini anasikia vizuri. Anasema hukugeuza. Uliendelea upande wa Kisarawe mpaka gari likapotea masikioni mwake."

Atupele alifunua ukurasa mwingine.

"Bibi alikuwa nyumbani. Kulikuwa na majirani, vijana, baiskeli, bodaboda mbili. Kutoka mkorosho ule mpaka pale ni hatua mia tisa na arobaini, nimezihesabu mwenyewe. Alipokuwa anakupaka dawa, ulimwambia nini kuhusu mtu uliyemwacha nyuma?"

"Nilimwambia nina haraka," alisema Gregori, kwa sauti ambayo Zahoro alilazimika kusogea ili aisikie.

"Hilo naliandika. Na hilo la kutaka kurudi pia naliandika, kwa sababu umelisema. Mahakama italipima. Koplo, msomee haki zake, halafu mchukue vipimo vya huo mkono na picha."

*

Yahya alitolewa rumande saa kumi na mbili kasorobo. Alisimama kaunta, kijana mwembamba mwenye kovu jipya la manjano kwenye mkono wa kushoto, akarudishiwa mkanda, viatu, leseni na simu. Alisaini kila kitu mahali alipoonyeshwa. Atupele alimweleza kwa maneno machache: nani, wapi, na jinsi ilivyojulikana. Alimweleza pia kwamba alihitajika kutoa maelezo mapya kesho, kama shahidi.

Yahya alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe hakujua hata pa kuifungulia boneti," alisema.

"Hakujua."

"Angenipigia. Simu yangu ilikuwa hewani. Hata kama tuligombana." Alijifunga mkanda. Alikosa tundu, akarudia mara mbili. "Ningemwambia la kufanya, gari lingetembea. Mzee angefika hospitali."

Naila alikuwa ameingia, amesimama nyuma yake na hotipoti ambayo haikufunguliwa tangu asubuhi. Aliishika nguo ya mumewe kwa nyuma, kiunoni, wala hakuiachia.

"Gari la kurudi Kongowe lipo," alisema Atupele. "Askari atawapeleka."

"Kongowe baadaye, afande. Leo jioni ni hitima ya Mzee Mwinyijuma. Tunakwenda Masaki."

"Yahya," alisema Zahoro, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila kuongeza neno mtuhumiwa. "Kule habari bado haijafika. Ukitokea sasa hivi uwanjani, watu hawatakuelewa. Subiri kesho. Wataelezwa."

"Wataelezwa na nani?"

Zahoro alisogeza kalamu juu ya kaunta.

"Wanawake walinipisha njia na ndoo zangu," alisema Yahya, bila hasira. "Shemeji zangu walikuwa wamenishika mabega wakinipa pole. Ukanifunga pale, ukasema, huyu ndiye aliyemuua mzee wenu. Nilimwaga maji ya msiba. Mama mkwe wangu alivua kanga ya kichwani akamfunika Naila uso, watu wasimwangalie. Mimi siendi kujieleza, koplo. Nitajieleza vipi? Mdomo wangu mimi hautoshi."

Askari wa kaunta alijifanya anapanga vitabu. Zahoro alimtazama inspekta wake, kama mtu anayesubiri kupewa amri nyingine, kazi yoyote nyingine: vipimo, picha, ripoti ya kupeleka mkoani.

Atupele alilifunga jalada, akalitia kabatini, akageuza ufunguo.

"Nenda naye, koplo," alisema. "Na ukifika, usiseme pembeni kwa mzee mmoja. Simama palepale ulipomfunga, useme kwa sauti ile ile."